Gideoni na Watumishi Wake Kumi

(Maneno haya yalisemwa kwenye semina ya wazee wa kanisa waliochaguliwa karibuni. Yameandikwa upya kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa kwaya mliokubali kuahirisha mazoezi ili tukae pamoja, nawasalimu. Nimeombwa nizungumze na wazee wateule ambao Jumapili wataingizwa kazini mbele ya usharika. Somo nililopewa ni unyenyekevu na imani ya kiongozi. Ningemchukua Musa kusingekuwa na ubishi, kwa sababu Hesabu 12 inasema wazi kwamba alikuwa mpole kuliko watu wote. Lakini nimemchukua Gideoni, Waamuzi sura ya 6 mpaka ya 8. Huyu tunamfundisha watoto Shule ya Jumapili: mitungi, mienge, tarumbeta, Wamidiani wanakimbia, tunaimba, tunaomba, tunawapa watoto pipi. Sura ya 8 tunairuka. Leo hatutairuka.

Tuanzie Ofra, mji wa kina Gideoni. Kwa miaka 7 Waisraeli wakipanda, Wamidiani wanakuja, pamoja na Waamaleki na watu wa mashariki. Hawaji kuteka miji. Wanakuja na ngamia wasiohesabika, na mifugo yao na mahema yao, wanalishia mashambani mpaka kufikia Gaza, na wakiondoka hawaachi hata kondoo. Mliowahi kulima Kilosa au Kiteto mnajua mifugo ikiingia kwenye mahindi hali inakuwaje. Sisemi nani mwenye haki huko, nasema tu kwamba mnaijua harufu ya shamba lililokanyagwa. Watu wamehamia mapangoni na milimani.

Gideoni yeye anapura ngano ndani ya shinikizo. Nafaka hupurwa kiwanjani, mahali palipoinuka, penye upepo wa kupeperusha makapi. Shinikizo ni la kukanyagia zabibu, limechongwa chini kwenye mwamba, na upepo haufiki mle. Anayepura humo anapiga polepole asisikike, vumbi lote linamrudia usoni, makapi hayaendi popote, na kila mara anainua shingo kuchungulia kama kuna ngamia kwenye upeo. Hapo ndipo malaika, aliyekaa chini ya mwaloni, anamkuta, na salamu yake ni hii: "Bwana yu pamoja nawe, Ee shujaa."

Mimi ningedhani nachekwa.

Jibu la kwanza la Gideoni, mkilisoma vizuri, halina unyenyekevu wowote. Ni lalamiko. Ikiwa Bwana yu pamoja nasi, mbona mambo haya yote yametupata? Yako wapi yale matendo ya ajabu baba zetu waliyotusimulia? Ameambiwa Bwana yuko pamoja naye, peke yake, na yeye anajibu kwa habari ya watu wote, wenye njaa na walioko mapangoni. Napenda sana jibu hilo. Kabla hajaitwa kuongoza alikuwa tayari anaubeba mzigo wa wenzake kifuani, na Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Akamwambia aende kwa uwezo wake huo huo.

Ndipo linakuja lile jibu la pili ambalo sisi wahubiri tunalipamba. Nitawaokoaje Israeli? Jamaa yangu ndiyo maskini kuliko zote katika Manase, na mimi ndiye mdogo katika nyumba ya baba yangu. Tunasema: ona unyenyekevu!

Sasa mnipe ruhusa niwe mchokozi kidogo. Shukeni mpaka mstari wa 19. Gideoni anamwandalia mgeni chakula: mwana-mbuzi mzima, na mikate ya efa moja ya unga. Efa ni lita 20 na kitu. Kwa kipimo chetu hilo ni debe, debe zima la unga, mwaka ambao watu wanaficha nafaka chini ya miamba. Shukeni mstari wa 25: baba yake ana ng'ombe, na ana madhabahu ya Baali ambayo mji mzima unaijali kiasi cha kutaka kuua mtu kwa ajili yake. Madhabahu ya namna hiyo haijengwi uani kwa mtu asiye na jina. Halafu mstari wa 27: Gideoni akatwaa watu kumi miongoni mwa watumishi wake. Miongoni mwa! Maana yake walibaki wengine nyumbani.

Maskini gani huyu mwenye watumishi kumi na chenji?

Sitaki kumwita mwongo. Inawezekana ukoo wa Abiezeri ulikuwa mdogo kweli ukilinganisha na koo nyingine za Manase. Lakini lugha hiyo sisi tunaijua, tumeizungumza. Nendeni kwenye kikao cha kamati ya harusi pale mwenyekiti anaposema sasa tumchague mtunza hazina. Watu wote wanaangalia sakafu. Mwenye duka tatu anasema yeye hajui mahesabu. Mwalimu mstaafu anasema wapo wenye uwezo zaidi. Dada wa benki anakumbuka ghafla kwamba simu yake inaita. Tukitoka hapo tunasema fulani ni mtu mnyenyekevu, hapendi makuu. Hapana. Fulani anajua mtunza hazina huwa anasemwa, na hataki kusemwa.

Kujishusha kwa maneno si ushahidi wa kitu. Sauli naye, alipoambiwa habari ya ufalme, alijibu karibu neno kwa neno kama Gideoni: mimi ni Mbenyamini, wa kabila dogo kuliko yote, na jamaa yangu ndiyo ndogo kabisa. Siku ya kutangazwa wakamtafuta wakamkuta amejificha kwenye mizigo. Na wote tunajua Sauli huyo baadaye alimrushia nani mkuki.

Angalieni lakini jinsi Mungu anavyomjibu Gideoni, maana hapa ndipo somo langu lilipo. Habishani naye. Hamwambii, acha kujidharau, wewe ni mkubwa, wewe unaweza. Siku hizi tungemwambia hivyo, tena kwa kipaza sauti. Wala hamwambii, mbona una watumishi? Suala la ukubwa au udogo wa Gideoni Mungu analiacha palepale lilipo na kusema: hakika nitakuwa pamoja nawe. Kana kwamba cheo cha huyu kijana, kikiwa juu au chini, hakiingii kwenye hesabu kabisa.

Kama unyenyekevu una maana yoyote kwa mzee wa kanisa, nadhani uko hapo: kuacha kujipima. Anayejisifu anajipima, na anayejidharau naye anajipima, amekamata rula ile ile na anaisoma kutoka chini.

Basi akaenda. Na imani yake tusiipake rangi. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa nyumbani kwao: bomoa madhabahu ya baba yako, ukate na ile Ashera, nguzo ya sanamu, iliyo karibu nayo, kuni zake utolee ng'ombe sadaka. Maandiko yanasema alifanya usiku, na yanasema sababu bila kumficha: aliogopa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Asubuhi watu wakataka auawe, na aliyemtetea ni yule yule mwenye madhabahu, Yoashi baba yake. Akawaambia, kama Baali ni mungu, na ajitetee mwenyewe. Mzee huyu alikuwa ameitunza madhabahu miaka yote hiyo, na nashuku alikuwa akimngoja mtu aibomoe.

Utii wa usiku ni utii. Wako watu katika usharika huu ambao hatua yao ya kwanza ya imani waliichukua usiku, wakiwaficha wazazi au waume zao. Mzee wa kanisa usiwaulize kwa nini hawakufanya mchana.

Habari ya ngozi ya kondoo sitakaa nayo sana. Aliomba ishara: umande uwe kwenye ngozi na nchi iwe kavu, akakamua bakuli zima la maji. Kesho yake akaomba kinyume. Mungu akamstahimili. Lakini neno alikuwa amekwisha kupewa tangu kule kwenye mwaloni, na yeye mwenyewe anaomba kwa hofu, anasema hasira yako isiwake juu yangu. Anajua anachofanya. Kwa hiyo ndugu yangu usije kwenye kikao cha baraza ukasema umeweka ngozi kuhusu paa la kanisa. Paa linavuja. Tafuta fundi.

Twende kwenye chemchemi ya Harodi, chini ya mlima Gilboa, ukingoni mwa bonde la Yezreeli. Maji yake yanatoka mpaka leo. Wamidiani wako upande wa kaskazini, penye kilima cha More. Sura ya 8 inatupa hesabu yao: walioanguka 120,000, waliobaki 15,000. Jumla 135,000. Gideoni anao 32,000. Tayari kila mtu wake mmoja anakabili wanne, na Mungu anasema watu hawa ni wengi mno. Sababu anaitoa mwenyewe: Israeli wasije wakajivuna wakisema mkono wangu mwenyewe ndio ulioniokoa.

Gideoni anatangaza, mwenye kuogopa arudi nyumbani. Ilikuwa sheria, iko katika Kumbukumbu la Torati 20. Fikirini amesimama anawatazama. Anaondoka mmoja, wanaondoka kumi, halafu vijiji vizima vinakunja mablanketi. Watu 22,000. Zaidi ya theluthi mbili. Na yule anayewaruhusu kuondoka kwa sababu ya woga ndiye aliyekuwa mwoga wa kwanza, yule wa shinikizo, yule wa usiku. Sheria ile ingemhusu yeye kabla ya mtu mwingine. Wamebaki 10,000, na bado ni wengi. Wakapelekwa majini. Waliolamba maji kwa mkono 300 wakabaki, waliopiga magoti wakaenda zao. Nimesikia mahubiri mengi kwamba wale 300 walikuwa macho zaidi, makini zaidi, wenye nidhamu ya kijeshi. Maandiko hayasemi hivyo. Yanasema tu walilamba. Sisi tunapenda wateule wawe na sifa, kwa sababu na sisi ni wateule. Sasa ni mtu mmoja kwa watu 450.

Usiku huo huo Mungu anamwambia, shuka kambini, nimewatia mkononi mwako. Halafu anaongeza kitu ambacho mimi nikikisoma huwa natabasamu: lakini kama unaogopa kushuka, nenda na Pura mtumishi wako. Hakumdai ujasiri. Alimpa nafasi ya kukiri kwamba hana. Na mstari unaofuata unasema nini? Akashuka pamoja na Pura.

Hilo tu ndilo jibu lake. Hakusema "naogopa", wala hakusema "siogopi". Alimchukua Pura. Mkiniuliza imani ya Gideoni ilikuwa kubwa kuliko yote wapi, sitawaonyesha mienge. Nitawaonyesha watu wawili wanaoteremka gizani, bwana na mtumishi wake, na bwana ndiye anayemhitaji mtumishi. Kule chini wakamsikia askari wa Midiani akimsimulia mwenzake ndoto: mkate wa shayiri umebingirika mpaka kambini, ukalipiga hema, likapinduka. Shayiri ni chakula cha mnyonge. Gideoni aliposikia akasujudu, palepale ukingoni mwa kambi ya adui.

Yaliyofuata mnayajua. Makundi matatu, mwanzo wa zamu ya kati, mitungi inavunjwa, mienge inawaka, tarumbeta 300, na Wamidiani wanauana wenyewe kwa panga zao. Nitasema neno moja tu. Ule ukelele, "Upanga wa Bwana na wa Gideoni," mpango wake ulitolewa na Gideoni mwenyewe. Jina lake limeshaingia. Labda ni mimi ninayetafuta makosa. Lakini tuendelee.

Sura ya 8 inaanza vizuri ajabu. Waefraimu wanakuja wamekasirika, kwa nini hukutuita tangu mwanzo? Kabila kubwa, lenye kiburi, na wao ndio waliowakamata na kuwaua Orebu na Zeebu, wakuu wa Midiani. Gideoni angeweza kuwaambia, mlikuwa wapi miaka 7? Badala yake anawauliza: nimefanya nini mimi ukilinganisha na ninyi? Masazo ya zabibu za Efraimu si bora kuliko mavuno ya Abiezeri? Hasira yao ikatulia. Huu, wazee wangu, ndio unyenyekevu wa Gideoni ninaouamini, kuliko ule wa chini ya mwaloni. Pale alikuwa hana kitu cha kupoteza. Hapa ana ushindi mkononi, na anaugawa.

Na hapo, kama ningeruhusiwa, ningeifunga habari yake. Kwa sababu toka hapo mtu anabadilika. Anavuka Yordani na wale 300, wamechoka na bado wanafuatia. Anaomba mikate Sukothi, wakuu wa mji wanamkatalia; anaomba Penueli, vivyo hivyo. Kuwakatalia askari wenye njaa ni ubaya, sitetei. Lakini yule aliyewajibu Waefraimu kwa upole, aliporudi akawachapa wazee 77 wa Sukothi kwa miiba ya nyikani, akaubomoa mnara wa Penueli na kuwaua watu wa mji. Efraimu walikuwa wakubwa, akawabembeleza. Sukothi walikuwa wadogo. Mzee wa kanisa anayemwitikia vizuri mfadhili wa usharika na kumfokea mlinzi wa kanisa, asome hapo mara mbili.

Kisha anawahoji wafalme wawili aliowateka, Zeba na Salmuna, na kumbe waliwaua ndugu zake kule Tabori. Anamgeukia Yetheri, mzaliwa wake wa kwanza: ondoka, uwaue. Kijana hakuuchomoa upanga, maana aliogopa, alikuwa bado mtoto.

Nakomea hapo kidogo. Mtoto anaogopa mbele ya baba ambaye mwanzo wa habari hii alikuwa anajificha shimoni. Mungu alipomkuta baba anaogopa, alimpa Pura wa kushuka naye. Baba alipomkuta mtoto anaogopa, ilibidi wafalme wale wa Midiani ndio waseme: inuka wewe mwenyewe. Akainuka, akawaua. Na sura nzima ya 8, hesabuni mkifika nyumbani, Mungu hasemi neno lolote kwa Gideoni, wala Gideoni hamwulizi. Yule wa ngozi mara mbili, aliyeomba ishara mpaka akaogopa kuomba, sasa hana swali.

Watu wanamwambia, ututawale, wewe na mwanao na mjukuu wako. Anajibu jibu zuri kuliko yote katika kitabu kizima: mimi sitatawala juu yenu, wala mwanangu hatatawala, Bwana ndiye atakayetawala. Makofi! Lakini sentensi inayofuata ni hii: nina ombi moja, kila mtu anipe pete za masikio alizoteka. Zikatandazwa kwenye nguo, shekeli 1,700 za dhahabu. Kwa uzito wa shekeli unaokubalika na wengi, hiyo ni kama kilo 19. Akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake Ofra, siyo Shilo kwenye hema ya Bwana, na Israeli wote wakaenda kuiabudu huko. Akaoa wake wengi, akazaa wana 70. Suria wake wa Shekemu akamzalia mwana, akamwita Abimeleki, yaani baba yangu ni mfalme.

Kiti alikikataa. Dhahabu, nyumba ya kifalme na foleni ya watu mlangoni kwake, hivyo alivichukua. Tunamjua mzee wa namna hii. Kwenye uchaguzi anasema nipumzisheni, wapeni vijana. Tunampumzisha. Lakini funguo za stoo bado ziko kwake, daftari la michango ya ujenzi liko kabatini kwake, na fundi hawezi kununua misumari kabla hajapita kumsalimia. Hana cheo. Anacho kila kitu kingine. Kwa hiyo wazee wateule, hati zote mtakazokabidhiwa mkabidhiwe kwa maandishi, na siku mtakayotoka mzikabidhi kwa maandishi, na risiti zibaki ofisini. Naijua hoja kwamba kati ya wapendwa hakuna haja. Ofra pia walikuwa wapendwa.

Abimeleki mnajua alichofanya: aliwaua ndugu zake juu ya jiwe moja, akaponyoka Yothamu, mdogo wao wa mwisho. Yothamu akapanda mlima Gerizimu akawapigia watu hadithi ya miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake, mtini ukakataa, una utamu wake, mzabibu ukakataa. Mti wa miiba ukakubali mara moja. Kwenye kamati ya harusi, pale wote wanapoangalia sakafu, kuna mmoja huwa haangalii sakafu.

Nilipomaliza kusema hayo mama mmoja alisimama akauliza: je, mtu akijiona kweli hawezi, na siyo kwamba anajificha, akatae? Nimeona vema niandike na jibu.

Nilimwambia anaweza kukataa, ila aseme sababu ya kweli. Musa alitoa udhuru mmoja baada ya mwingine kwenye kijiti kinachowaka, na Mungu alivumilia mpaka pale udhuru ulipokwisha akabaki anasema, umtume mtu mwingine. Hapo ndipo hasira ilipowaka. Wale 22,000 wa Harodi walisema ukweli: tunaogopa. Hakuna mstari unaowalaumu, hakuna aliyewaita wasaliti, na walilala kwao usiku ule. Kisha someni Waamuzi 7:23. Wamidiani walipoanza kukimbia, waliitwa watu wa Naftali, na wa Asheri, na wa Manase yote, makabila yale yale yaliyokuwa yameitikia mwanzo. Siwezi kuapa ni watu wale wale, lakini vijiji vilikuwa ni vile vile, na waliokuwemo vijijini ni waliorudi toka Harodi. Wakaitwa tena, wakatoka, wakawafuatia.